Aliyeuona Ufa Chini ya Mchanga wa Kinyerezi

Mtaalamu hakukaa chini hata siku moja. Sisemi hakupumzika, nasema makalio yake na udongo havikuwahi kukutana. Kila alikokwenda alibeba kigoda chake cha miguu mitatu, na akikisahau nyumbani alisimama kutwa nzima. Siku moja nikamuuliza, mama, mbona unaiogopa ardhi na ndiyo inayokulisha? Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Huyu namjua, Injini," akasema. "Ndiyo maana simkalii."

Injini ndiyo mie. Jina langu alilijua vizuri, ila alilitumia siku akinikasirikia tu. Nilikuwa mvutaji wake. Kwao wapi, wazazi wake kina nani, aliolewa au hakuolewa, hayo sijui na sikuuliza. Shule niliishia darasa la tano, sina ufundi wa kuandika habari za mtu kuanzia kitovu. Naandika niliyoyaona, na waliotuharibia nitawataja kwa majina, maana wao walipokuwa wanatuharibia hawakuficha nyuso.

Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa imeshatoka, kila mtu mjini anauza kitu au anajenga kitu. Sie tulikaa Mkorosho Mmoja, mtaa ulio mgongoni mwa kilima, ukitoka Kinyerezi kwa miguu kukata kuelekea Kimara. Wakati huo ni mihogo, mikorosho na nyumba za kuhesabika. Wazungu wa mradi fulani walikuja na mashine ya kutazama chini ya ardhi bila kuchimba, rada ya ardhini, wakakaa misimu miwili wakaondoka. Mashine ikabaki kwa Mtaalamu, aliyekuwa msomi wa miamba serikalini, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kukemea hata anapokusalimia. Watoto walimwita Mama Nyufa. Alijua, na hakujali. Alisema ameshaitwa mabaya zaidi na watu waliovaa tai.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la rangi ya machungwa, bapa, lenye mpini na kamba ya kuvutia, na waya mrefu uliokwenda mpaka kwenye chombo kingine alichokaa nacho yeye chini ya mwavuli, na betri ya gari pembeni. Kazi yangu kuvuta sanduku juu ya ardhi. Chini kulitandazwa kamba yenye vifundo, na kila nikifika kwenye kifundo nabonyeza kitufe. Ukiitazama ni kazi ya kitoto. Lakini sharti lake moja lilinitoa jasho: mwendo lazima uwe uleule mwanzo mpaka mwisho. Ukikimbia picha inajikunja, ukichelewa inavutika kama chapati ya mkaa mdogo.

"Mwendo wa bibi harusi," aliniambia siku ya kwanza. "Unajua bibi harusi anavyoingia ukumbini? Hana haraka, na hasimami. Wote wamemngojea yeye."

Akawa ananiimbia. Wimbo wa kwaya, wa polepole, mapigo hayabadiliki. Yeye kwenye kigoda anaimba huku macho yakiwa kwenye karatasi inayotoka chomboni, mie navuta sanduku katikati ya mihogo ya watu kwa hatua za ukumbini. Mtaa mzima ukapata sinema ya bure.

"Bwana harusi, bibi yuko wapi?" watu waliniuliza.

"Yumo ndani ya sanduku. Mfupi sana."

"Huyo kaolewa na waya."

Mtaalamu hakuwanyamazisha. Akishindwa kujizuia alicheka na yeye, na wimbo ukakatika, na tukalazimika kurudia mstari mzima tangu mwanzo.

Kuhusu mashine alinieleza mara moja tu, kwa maneno yangu mimi, si yake. Ukienda kwenye kisima ukapiga ukelele, sauti inarudi. Kisima kirefu inachelewa, kifupi inawahi. Basi sanduku lile linapiga ukelele ardhini, ukelele usiosikika, na unarudi kila unapokuta kitu kimebadilika: mchanga umekuwa mfinyanzi, mfinyanzi umekuwa mwamba, au bomba limepita. Mchanga mkavu unaitikia vizuri. Mfinyanzi wenye maji unameza sauti, haurudishi kitu. Ndiyo sababu tulifanya kazi kiangazi tu, na ndiyo sababu aliwachukia akina mama wanaomwaga maji ya kufulia mbele ya sanduku kama wengine wanavyomchukia mwizi.

Vyuma navyo hakuvitaka. Kabla ya kazi nilivua mkanda, funguo, hata kisu cha kumenyea machungwa. Suruali nikaifunga kwa kamba ya katani. Mabati ya nyumba yalimsumbua, nyaya za umeme zilimsumbua. Siku moja alimsimamisha shekhe mmoja anayepita na baiskeli, akamwomba kwa heshima zote azungukie mbali. Shekhe akazunguka. Jioni akaniuliza yule mama anatafuta nini, nikamwambia ufa. Akasema kwake umejaa tele, aje tu, hana haja ya mashine.

Vijana hawakuamini habari za ufa. Kwao mtu akija na chombo cha kutazama chini, anatafuta rupia za Mjerumani zilizofukiwa. Walitufuata na majembe begani, wamejipanga nyuma yangu kama waombolezaji.

"Mama, twambie tu ukweli. Ziko mita ngapi?"

"Rupia sijaziona," alijibu bila kuinua uso kwenye karatasi. "Ila nimeona shimo la choo chenu. Limeshafika chini ya jiko. Wahini."

Wakacheka. Mmoja wao akaenda kuangalia, na hakurudi kwenye msafara.

Alikuwa na tabia ya kuonja udongo. Anauchukua kidogo kwa ncha ya kidole, anausugua kwenye meno ya mbele, anatafakari kama mpishi wa pilau, kisha anatema pembeni. Ukikwaruza ni mchanga, ukiteleza ni mfinyanzi. Mke wangu, Mama Zuhura, wakati huo alikuwa na mimba ya pili na mfukoni hakukosa kipande cha udongo wa sokoni. Alimwona Mtaalamu anaonja, akafurahi amepata mwenziwe.

"Mama, kumbe na wewe unayo?"

"Mie duka nilishafunga, mwanangu. Hebu nionje huo wako." Akaonja. "Huu wa Pugu. Mzuri, mwororo. Wanakuuzia shilingi ngapi?"

Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na chakula changu cha mchana kikawa kinaliwa na watu wawili ambao mimi si mmoja wao. Mtaalamu alikuwa mlaji. Wali na kunde, mchicha wa nazi, na pilipili aliyoitafuna nzimanzima huku anahema na kulalamika kwamba ni kali.

Mkweli? Inategemea unamuuliza nini. Umri wake alidanganya. Sokoni alidanganya kila kitu, alishawahi kumwambia muuza nyanya kwamba ni mjane mwenye watoto saba, akatoka na fungu kubwa na machozi ya muuzaji. Lakini habari ya chini ya ardhi, hapo hakutia chumvi wala hakupunguza. Kama picha haikuonyesha, aliandika haikuonyesha. Siku ngapi tumevuta kutwa, jua la utosi, kwenye bonde la mfinyanzi, jioni anakunja karatasi yake anasema, "Leo tumepiga kelele kwa kiziwi. Twende nyumbani." Na kwake mwenyewe, kule Temeke, ukuta wa sebuleni ulikuwa na mpasuko kutoka juu mpaka chini, ameufunika kwa kalenda. Nilipoufunua akanipiga kofi la mkononi. "Huo ni wa fundi mlevi, si wa ardhi. Achana nao."

Sasa niuseme ufa wenyewe.

Kwenye karatasi ya mashine tabaka za ardhi zinatoka mistari mistari, nyeusi na nyeupe, zimelala kama ukili wa mkeka. Ukizoea unaona raha. Siku ile tumevuka mgongo wa kilima kuelekea bondeni, mara akaacha kuimba. Nikageuka nikadhani betri imekufa. Alikuwa amesimama, kigoda kimeanguka.

"Rudi ulikotoka, Injini. Polepole. Pita tena."

Nikapita tena. Akaniita nione. Mkeka ulikuwa umekatwa. Kama mtu kapitisha kisu kutoka juu mpaka chini, kisha upande mmoja akauvuta ukashuka. Mistari ya huku haikutani na ya kule. Tukavuta mistari mingine kulia na kushoto, na kila mara kisu kilikuwa pale pale, kinaendelea, kinateremka na kilima. Ili asiisingizie ardhi bure, akatafuta vijana wachimbe mtaro wa kukata pale. Wale wale wa rupia. Walichimba kwa furaha kubwa.

Mtaro ulipofika kimo cha mtu akanishusha ndani, akanishika mikono. Wa kulia akauweka ukutani: mchanga mweupe, mkavu, unamwagika. Wa kushoto akauweka palepale ubavuni: mfinyanzi mwekundu, mgumu, baridi. Kati ya mikono yangu miwili hapakuwa na nafasi ya kupita kidole.

"Umeona? Zamani sana huku kulishuka. Maji ya mvua yanaingia upande wa mchanga, yanafika hapa yanagonga mfinyanzi, hayana pa kwenda. Yanajaa. Mtu akichimba kule chini akauondoa mguu wa kilima, na mvua ikawa kubwa, huu upande wote wa mchanga utateremka."

"Lini?"

"Hiyo mashine haioni."

Kisha akatazama upande wa nyumba yangu. Maana mstari ule ulipita nyuma ya jiko letu. Nyumba niliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, imefika kwenye linta juu ya madirisha, nusu imeezekwa tumeingia tunakaa. Nilijua anataka kusema nini na nilitaka asiseme.

"Hapa usiendelee kujenga," akasema. "Ezua bati lako, panda juu kule kwenye wekundu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia wasomi mna mishahara na nyumba za kalenda, sie tukibomoa tunalala wapi. Akarudi kukunja karatasi zake. Asubuhi nilimkuta Mama Zuhura anafunga sufuria kwenye khanga.

"Yule mama hajanidanganya hata udongo wa kula," akasema. "Wewe baki na linta yako, Baba Zuhura."

Tukahamia juu, chumba cha mabati na miti, tunaanza upya. Nyumba ya zamani nikaiacha imesimama, naichomoa tofali nikipata nguvu.

Mtaalamu akapanga vigingi juu ya ufa wote, mie ndiye niliyevipigilia. Vigingi vya mbao, vichwa vyekundu, mstari mzima kuteremka kilima. Maana yake kwake ilikuwa rahisi: hapa hapajengwi. Akapeleka ripoti yake kwa afisa wa viwanja aliyeshika eneo letu, Bwana Ngalewa, akafungasha mashine, mvua zilikuwa karibu.

Hapa ndipo naandika majina. La kwanza Selemani Makame, dalali, tuliyemwita Sele Bikoni kwa vile vigingi vya viwanja alivyoviuzia. La pili huyo huyo Ngalewa.

Mtu asiyekaa Dar miaka ile hawezi kuelewa kigingi kilikuwa nini. Sie wote tulikuwa tunakaa kwa maneno ya mdomo, shamba la fulani mpaka kwenye mnazi wa fulani. Kigingi kikipigwa na mtu wa serikali, hapo pamekuwa mji. Barabara inakuja, bomba linakuja, hati inakuja. Watu waliota vigingi. Basi Sele akawaleta wanunuzi, viatu vyeupe, miavuli, akawasimamisha kilimani na kuwaonyesha ule mstari mwekundu unavyoteremka.

"Wenyewe si mnaona? Serikali imeshapita. Hapa ni mbele ya barabara."

Na Ngalewa, aliyekuwa na ripoti mezani, alipoulizwa alisema taratibu zinaendelea. Taratibu zake zilikuwa malori mawili yaliyokuwa yanachota mchanga wa kujengea kule chini kwenye mguu wa kilima. Kila nyumba iliyopanda juu ilinunua mchanga wake. Hivyo alikula kotekote.

Mashamba yenye vigingi yakagombaniwa. Kila mnunuzi alitaka kigingi kiwe ndani ya kiwanja chake. Bi Mwajuma, mama wa maandazi, mtu mwema, jirani yetu mpya aliyejenga karibu na ile nyumba yangu ya zamani, alikipaka chake chokaa na kufagia kukizunguka kila asubuhi. Nilimfuata nikamweleza, bibi, mie mwenyewe ndiye niliyekipigilia hiki, maana yake usijenge.

"Wewe umevuta sanduku tu, mwanangu," akanijibu kwa upole, akanipa andazi la moto. "Mambo ya serikali waachie serikali."

Wengine ambao mstari haukuwapitia waliona wamedhulumiwa. Wakang'oa vigingi vya jirani wakavipigilia kwao. Mtaalamu aliporudi kiangazi kilichofuata alikuta mstari wake umeteremka vizuri mpaka kwa fundi cherehani, kisha umekata kona, umepita msikitini, umeishia kwenye banda la mbuzi.

Alisimama pale mwavuli mkononi.

"Injini. Ufa wangu umeota miguu."

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha akaacha kucheka kabla yangu. Akaenda nyumba kwa nyumba, siku nzima bila kula, anawaambia watu vile vigingi vinasema nini. Walimkaribisha viti, walimpa maji. Wakamwambia ana wivu. Akaenda kwa Ngalewa, sijui walisema nini, alitoka amekaza mdomo na hakuimba wiki nzima. Nilivuta sanduku kwa kumbukumbu.

Zikaja zile mvua za Elinino. Dar hiyo mnaijua, sina haja ya kuieleza. Asubuhi moja iliyopambazuka bila mvua, nilishuka kwenye nyumba yangu ya zamani kung'oa fremu ya mlango kabla haijaoza. Nasikia Bi Mwajuma anakaripia kuku. Kisha nikasikia kitu kama gunia la mpunga linaburutwa sakafuni, gunia kubwa kuliko magunia yote, na fremu ikaniponyoka ikaenda peke yake. Kilima hakikuanguka. Kiliteremka, taratibu, mwendo ule ule nilioujua miguuni mwangu. Nilizama mpaka kifuani. Walionitoa ni wale vijana wa rupia, kwa majembe yao, na goti langu la kushoto halikunjiki sawa mpaka leo. Nyumba zilizokaa upande wa mchanga zote zilikwenda. Watu wengi walikuwa wameshatoka vibaruani. Bi Mwajuma hakutoka.

Baada ya maziko kukaitishwa mkutano uwanjani. Ngalewa alikuja na suti ya kaunda na kipaza sauti. Hakuzungumzia mchanga. Alisema ndugu wananchi, kilima hiki kimekaa tangu enzi za babu zetu bila tatizo, mpaka ilipokuja mashine ya kutikisa ardhi.

Mkutano ukapumua. Watu walikuwa wanatafuta pa kushika, wakapewa.

"Kweli. Toka lile sanduku lipite kuku wangu hawatagi," alisema mama mmoja.

"Na mimba ya mke wangu," akasema mwingine.

Sele Bikoni alikuwa mbele kabisa, analia kuliko wafiwa. Nikainuka na magongo yangu nikasema malori. Nikasema Sele. Wakaniambia nikae, mie ndiye niliyelivuta.

Mtaalamu alikuwepo. Amekuja kwa hiari yake, kigoda mkononi, hakukikalia. Akaambiwa ajitetee. Nilidhani atawaeleza habari ya kisima na ukelele, kwamba sanduku lile nguvu yake haifikii hata redio zao. Akasema, "Vigingi ni vyangu." Basi. Akageuka akaondoka. Walimzomea mpaka barabarani na mie nilidhani amechanganyikiwa, kujitia hatiani kwa kitu asichofanya. Haukupita muda ikaja ile kupunguza watu serikalini, jina lake likawa la mwanzo. Mashine ikafungiwa stoo. Ngalewa akapandishwa cheo akahamia mkoani, na malori yake akahama nayo.

Mwishoni mwa miaka ile ile, majani yalipoota kilimani na makovu kufunikwa, Sele akarudi. Wanunuzi wapya, wasiojua kitu. Safari hii hakukuta vigingi vya serikali, alinunua vyake mwenyewe. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniambia ardhi ikishateremka imeshateremka, haiteremki mara mbili. Sikuwa na hoja. Aliyekuwa na hoja alikuwa Temeke anafuga kuku.

Nilimkuta bandani, kilemba cha vumbi la pumba, kuku wa kisasa wanamzunguka miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Injini, mguu huo wanauitaje?"

"Wanauita bahati."

Akacheka, akaniletea uji. Nikamweleza habari ya Sele. Nikamuuliza ile ya mwenyekiti, akasema kinyume chake ndiyo kweli: pale pameshalegea, mvua ya kawaida tu itatosha, na juu kumebaki kipande kirefu kinachoning'inia.

"Mashine sina," akasema. "Ripoti zangu hawazitaki. Mie mwenyewe nikifika watanipiga mawe. Haya niambie wewe unayekaa nao. Kwenu watu wanaamini nini?"

"Kigingi."

"Hicho tulikiona. Na wanaogopa nini?"

Nikafikiri. Radi, hapana. Serikali, hapana. Wachawi, wengine ndiyo wengine hapana.

"Kaburi," nikasema. "Hakuna dalali anayeuza kaburi. Hata Sele."

Akawamwagia kuku pumba, akawatazama wanavyodonoa.

"Nitakuja Jumamosi," akasema.

Nataka nieleweke: mpaka naandika haya, pale hapana nyumba. Sele alileta wanunuzi, mke wa mmoja akaona makaburi, akageuza viatu, na habari ikatembea yenyewe. Sasa nieleze ilivyokuwa siku yenyewe.

Alikuja asubuhi na jembe kwenye gunia. Mashine hakuihitaji. Kiangazi kile kilima chote kilikuwa cha kahawia, ila mstari mmoja wa majani mabichi, upana wa kitanda, uliteremka tokea juu, mahali maji yanapogonga mfinyanzi na kukaa. Akautazama kama mtu anayekutana na mkwe.

"Mama," nikamwambia, "kuzika pasipo na maiti mie sijui hukumu yake."

"Hatuziki. Tunapanga udongo. Ndiyo kazi niliyosomea."

Tukaanza. Tuta moja, jiwe kichwani, jiwe miguuni. Tuta la pili, la tatu, yote tumeyalaza kwa urefu kufuata ule ukijani, mstari umenyooka kuteremka kilima. Alikuwa stadi. Alipigapiga udongo kwa bapa la jembe, akaviringisha kingo, akarudi nyuma kutazama kama yamekaa usawa. Tulikuwa kwenye la nne nilipoona baiskeli inapanda, gunia la mkaa nyuma, bwana mmoja wa makamo wa kofia ya viua anaisukuma. Nikataka kukimbia, goti likakataa.

Akasimama. Akaegemeza baiskeli kwenye nyonga, akainua mikono, akasoma Fatiha yote, hakuruka. Nikaitikia. Mtaalamu, mtu wa kwaya, akainamisha kichwa na yeye.

"Poleni, mama. Ni wa kwenu?"

"Ni wetu," akajibu.

"Wengi hivi. Mvua zile?"

"Mvua."

Yule bwana akatikisa kichwa. Kisha akayatazama matuta vizuri, akatazama jua, akakunja uso.

"Lakini mmewalaza vibaya. Kibla ni huku." Akaonyesha kwa mkono mzima. "Hawa wote mmewaelekeza bondeni. Mtu anayejua akipita hapa atasema haya si makaburi."

Mtaalamu akavua miwani akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa, akayatazama matuta yake manne yaliyonyooka na ufa. Nikamwona uso aliokuwa nao uwanjani siku ile ya kuzomewa, na hapo tu ndipo nilipoelewa kilichoyatoa mdomoni mwake yale maneno mawili matatu.

"Bwana kasema kweli," akasema. "Alama ikisomwa vibaya, kosa ni la aliyeiweka. Injini, bomoa. Tunaanza upya."

Akachomeka jembe kwenye tuta la kwanza. Yule bwana akalaza baiskeli yake majanini, mkaa na vyote, akavua kofia akaitia mfukoni, akakunja mikono ya shati.

"Jembe jingine liko wapi?" akauliza.